Daraja la Quebec na heshima ya wahandisi

Tarehe 29 Agosti 1907, kiasi cha saa 5:30 asubuhi, mhandisi kijana aitwaye Norman McLure aliingia katika ofisi ya Theodore Cooper jijini New York. Alitokea Quebec kwa treni. Mkononi alikuwa na vipimo vya boriti moja ya chini katika daraja walilokuwa wakilijenga juu ya Mto St. Lawrence. Boriti hiyo hapo awali ilikuwa imepinda robo tatu ya inchi, na sasa ilikuwa imepinda inchi mbili na robo. Mzee Cooper, aliyekuwa na umri wa miaka 68, hakuhitaji maelezo marefu. Saa 6:16 mchana alituma telegramu ya maneno machache akiagiza kwamba mzigo wowote usiongezwe darajani mpaka mambo yapimwe sawasawa.

Telegramu hiyo haikwenda Quebec. Ilikwenda Phoenixville, Pennsylvania, zilikokuwa ofisi za Phoenix, kampuni ya ujenzi, nayo ikafika kwenye saa 9 alasiri. Mhandisi mkuu wa kampuni, John Deans, aliisoma na hakuchukua hatua. McLure alipofika Phoenixville jioni ile, wakubwa walizungumza naye kidogo, kisha wakakubaliana kukutana tena asubuhi. Saa 11:37 jioni, kabla hata jua la Agosti halijatua, daraja lilikuwa mtoni.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama kisa cha telegramu iliyochelewa, na wanaokisimulia hivyo humhurumia McLure, ambaye katika haraka ya safari hakupeleka yeye mwenyewe habari kwa wenzake Quebec. Lakini daraja lile lilianza kuanguka miaka minne kabla, siku mhandisi mmoja mashuhuri alipokataa kazi yake isikaguliwe na mwingine, na serikali ikakubali. Hakuna aliyehongwa. Hakuna aliyeiba saruji wala kuchakachua chuma. Cooper alikuwa mtu mwadilifu, na ndiyo maana kisa chake kinasumbua kuliko visa vya wezi.

Mji wa Quebec ulihitaji daraja kwa muda mrefu. Montreal ilikuwa imepata daraja lake la reli tangu 1859 na biashara yote ikawa inaelekea huko, ilhali Quebec ilitegemea vivuko, na majira ya baridi barafu iliuziba mto. Kampuni ya daraja iliundwa mwaka 1887, ikakaa miaka zaidi ya kumi na jina tupu bila fedha. Mwenyekiti wake, Simon-Napoléon Parent, alikuwa pia meya wa mji na waziri mkuu wa jimbo, kwa hiyo siasa haikukosekana. Mhandisi mkuu wa kampuni hiyo ya daraja alikuwa Edward Hoare, mtu mwenye sifa njema ambaye daraja kubwa kuliko yote aliyowahi kulijenga halikufika mita 100. Hoare alihitaji mtu wa kumwegemea.

Mtu huyo akawa Cooper. Katika Amerika Kaskazini ya wakati ule hapakuwa na jina zito kuliko lake katika madaraja ya reli. Ujanani alikuwa msimamizi wa ujenzi wa daraja la St. Louis juu ya Mississippi, chini ya James Eads. Huko, usiku mmoja, aligundua kwamba mabomba ya tao yameanza kupasuka, akampelekea Eads telegramu New York, na maagizo ya Eads yakaliokoa daraja. Tangu hapo alikuwa ameandika kanuni za mizigo ya treni zilizotumiwa na mashirika ya reli kote Marekani. Kitu kimoja alikuwa hajakipata, nacho ni daraja kubwa la kubeba jina lake. Quebec ilimpa nafasi hiyo uzeeni.

Mwezi Mei 1900 Cooper alipendekeza urefu wa katikati, kati ya nguzo na nguzo, uongezwe kutoka futi 1,600 hadi futi 1,800, yaani kutoka mita 488 hadi mita 549. Sababu alizozitoa zilikuwa za kweli: nguzo zikisogezwa kwenye maji ya kina kifupi, misingi itakuwa rahisi kujenga na barafu haitazipiga sana. Mabadiliko hayo pia yalilifanya daraja la Quebec lipite lile la Forth kule Uskoti, lenye mita 521, na hivyo kuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani. Sidhani kama haki inatendeka tukisema Cooper aliongeza urefu kwa ajili ya sifa. Ila sifa hiyo aliiona, na haikumchukiza.

Tarehe 2 Oktoba 1900 waziri mkuu wa Kanada, Wilfrid Laurier, aliweka jiwe la msingi, kisha kwa miaka mitatu hakuna jambo kubwa lililofanyika kwa sababu fedha za chuma hazikuwepo. Hiyo ndiyo miaka ambayo mahesabu yangefanywa upya, michoro ikakamilishwa na sehemu mpya zikajaribiwa. Kampuni ya Phoenix haikutaka kulipia kazi ya ofisini bila kuwa na uhakika wa mkataba. Serikali ilipodhamini mkopo mwaka 1903, mambo yakageuka ghafla ikawa haraka haraka, kwani mwaka 1908 mji ungesherehekea miaka 300 na kila mtu alitaka treni zipite juu ya mto kabla ya sherehe. Ofisi ya michoro ya Phoenix, chini ya msanifu wake Peter Szlapka, ikachukua uzito uliokadiriwa kwa daraja la futi 1,600 na kuutumia kwa lile la futi 1,800. Hakuna aliyerudi nyuma kuhesabu.

Yupo aliyeweza kulishika kosa hilo. Katika Wizara ya Reli na Mifereji mjini Ottawa, mhandisi Robert Douglas aliitazama michoro na kusema wazi kwamba mikazo iliyoruhusiwa katika chuma ni mikubwa kupita kawaida. Mkuu wake, Collingwood Schreiber, akapendekeza jambo la busara tu: wizara iajiri mhandisi wake wa madaraja, naye aupitie kila mchoro kabla haujaidhinishwa.

Cooper alikasirika. Aliandika kwamba mpango huo ungemweka chini ya mtu mwingine, jambo ambalo hawezi kulikubali, kisha akasafiri hadi Ottawa kulipinga. Akashinda. Agosti 1903 serikali ilibadilisha agizo lake, na kuanzia hapo kilichoidhinishwa na Cooper kikawa kimeidhinishwa. Wizara iliendelea kupiga muhuri, lakini muhuri wake ulifuata sahihi ya Cooper. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo ndio wa mwisho Cooper kufika kwenye eneo la ujenzi. Afya yake ilikuwa mbaya na daktari alimzuia kusafiri. Malipo aliyokuwa akipewa hayakutosha hata kuajiri ofisi ya wasaidizi. Mtu mmoja mgonjwa, New York, alikuwa amejitwika mamlaka yote juu ya kazi asiyoweza kuiona.

Macho yake akawa McLure, kijana aliyemaliza chuo kikuu cha Princeton mwaka 1904. McLure alipima kwa makini na kuandika barua kwa uaminifu, lakini hakuwa na uwezo wa kumwamrisha mtu yeyote pale. Hoare, aliyekuwa na cheo cha kuamuru, hakuwa na ujuzi, na aliyekuwa na ujuzi alikuwa mbali kilomita mamia. Wafanyakazi wa Phoenix walimsikiliza bosi wao wa Phoenixville. Ukiuliza nani hasa angeweza kusema "simameni", jibu halipatikani, na tume iliyochunguza baadaye ililiuliza swali hilohilo.

Mwaka 1906 ilibainika kwamba chuma kinachofika ni kizito kuliko kilichokadiriwa. Uzito wa daraja ulidhaniwa ungekuwa kama tani 28,000, na sasa ulikuwa unaelekea tani 33,000. Cooper alipiga hesabu akaona mikazo imezidi kwa asilimia 7 hadi 10 juu ya ile aliyokuwa ameiruhusu, ambayo nayo tayari ilikuwa juu ya kawaida. Sehemu kubwa ya chuma ilikwishatengenezwa na sehemu nyingine ilikwishasimamishwa. Ama aseme livunjwe lianze upya, ama aseme linafaa. Akasema linafaa.

Daraja la namna hii husimama kwa mikono miwili mikubwa, kila mmoja ukitokea kwenye nguzo yake. Upande wa nchi kavu mkono hufungwa ardhini, na upande wa mto hunyooshwa hewani mpaka ukutane na mwenzake. Boriti za juu huvutwa, na za chini hubanwa. Chukua kijiti chembamba ukibane ncha zake mbili, utaona kinavyobenuka katikati kabla ya kuvunjika. Boriti za chini za Quebec zilitengenezwa kwa mbavu nne za chuma zilizounganishwa kwa vipande vya chuma vilivyopishana na kushikwa kwa ribiti. Vipande hivyo ndivyo vilivyozifanya mbavu nne ziwe kitu kimoja. Vilikuwa vyembamba mno. Mashine ya kujaribu boriti kubwa kiasi hicho haikuwepo mahali popote, kwa hiyo kila mtu alitegemea kanuni za boriti ndogo na kudhani kubwa zitatii.

Kiangazi cha 1907 zilianza kukataa. Mwezi Juni McLure aliandika kwamba ncha za boriti hazikutani vizuri. Agosti aliandika kwamba boriti zinapinda. Phoenix walijibu kwamba zilipinda kiwandani kabla ya kupakiwa, au ziligongwa njiani. Cooper, na hili lisemwe kwa haki yake, hakukubaliana nao. Kutoka New York aliuliza na kuuliza tena mapindo hayo yametokeaje, wala jibu la kumridhisha hakulipata. Mafundi wa ribiti nao walikuwa wakiona mambo yasiyo ya kawaida, na baadhi walisema. Lakini fundi wa ribiti aliambiwa nini siku zote duniani? Wenye elimu wanajua.

Tarehe 27 Agosti, baada ya kipimo cha inchi mbili na robo, msimamizi wa ujenzi Benjamin Yenser alisema angesimamisha kazi. Baadaye akabadili mawazo. Hoare alimkubalia, na barua yake ya siku iliyofuata inaeleza kwa nini: kusimamisha kazi kungevunja moyo wa watu, na huenda mafundi wangeondoka na msimu mzima ukapotea. Hakuna hata mstari mmoja wa kihandisi katika sababu hizo. McLure akapelekwa New York kumuuliza mzee, na juu ya mto kazi ikaendelea.

Upande wote wa kusini, tani 19,000 za chuma, ulianguka kwa muda wa kama sekunde 15, na kishindo chake kilisikika mpaka mjini, umbali wa kilomita kumi hivi. Watu 86 walikuwa darajani. Walikufa 75, Yenser akiwemo. Baadhi ya waliobanwa na vyuma ufukweni walikuwa hai jioni ile. Katika sehemu hiyo mto hupanda na kushuka kwa maji ya bahari, na maji yalipojaa usiku hakuna vifaa vilivyoweza kuwatoa. Marehemu 33 walikuwa Wamohawk wa kijiji kimoja, Kahnawake, jamii iliyokwisha kujijengea jina katika kazi ya chuma cha juu. Karibu kila ukoo ulizika. Wanawake wa Kahnawake waliamua tangu hapo kwamba wanaume wao wasiende tena wote kwenye kazi moja. Kati ya mafunzo yote yaliyotolewa baada ya ajali ile, hilo ndilo lililotekelezwa upesi kuliko yote.

Tume ya Kifalme ya wahandisi watatu, Henry Holgate, J. G. G. Kerry na John Galbraith, ilichunguza na kutoa ripoti mwaka 1908. Mfano wa boriti uliotengenezwa kwa theluthi ya ukubwa ulijaribiwa Phoenixville, na ribiti za vile vipande vyembamba zikakatika zote mara moja. Tume ilisema daraja lilianguka kwa usanifu mbaya wa boriti za chini. Ilisema usanifu ulikuwa wa Szlapka na idhini ilikuwa ya Cooper. Ilisema pia kwamba kuanguka kwake hakuwezi kuhusishwa moja kwa moja na kitu kingine ila makosa ya uamuzi ya watu hao wawili. Hakuna aliyeshtakiwa. Cooper alistaafu na akafariki mwaka 1919.

Je, wahandisi walijifunza nini? Hapa historia inaleta jambo ambalo vitabu vya kusifu taaluma hulipita haraka. Chama cha wahandisi wa ujenzi cha Marekani kilikwisha kuamua mwaka 1877 kwamba haifai kuwafundisha wanachama wajibu wao katika mambo yao binafsi ya kazi. Muungwana hafundishwi uungwana. Baada ya ajali, upepo ulibadilika: wahandisi wa Uingereza walipata kanuni za maadili mwaka 1910, wale wa umeme wa Marekani mwaka 1912, na chama hicho cha wahandisi wa ujenzi mwaka 1914. Zile za 1914 zilikuwa fupi sana, kama vifungu sita tu. Mhandisi amtumikie mteja wake kwa uaminifu. Asipokee malipo ya pembeni. Asimchafulie mwenzake jina wala kumnyang'anya kazi, asishindane naye kwa kushusha bei, asijitangaze kwa majivuno. Na asikague kazi ya mhandisi mwenzake kwa mteja yuleyule bila mwenzake kujua.

Miaka saba tu baada ya watu 75 kufa kwa sababu kazi ya mkubwa mmoja haikukaguliwa, kanuni zikatungwa za kuilinda heshima ya mkubwa asikaguliwe kienyeji. Watu wanaopita juu ya daraja hawakutajwa. Mafundi wanaopigilia ribiti hawakutajwa. Naelewa kwamba kifungu hicho kililenga kuzuia fitina za kibiashara, na fitina zilikuwepo kweli. Hata hivyo Cooper angekisoma kwa furaha.

Aliyejenga upya daraja la Quebec hakuachiwa kazi peke yake. Serikali iliteua bodi ya wahandisi, mmoja wao akiwa Ralph Modjeski, na boriti za chini zikafanywa nene zaidi ya maradufu. Hata hivyo mto ulidai tena. Tarehe 11 Septemba 1916 kipande cha katikati cha tani 5,000 kilikuwa kikiinuliwa kutoka majini, kikaponyoka baada ya kishikizo kimoja cha chuma kuvunjika, na watu 13 wakafa. Mwaka uliofuata kipande kingine kikainuliwa salama na treni zikaanza kupita.

Huko Toronto, profesa wa uhandisi wa madini H. E. T. Haultain alikuwa na wazo lake. Januari 1922, kwenye mkutano Montreal, aliwaambia marais saba wa zamani wa chama cha wahandisi wa Kanada kwamba vijana wanaoingia kazini wanahitaji kiapo, kama waganga walivyo na chao. Akamwandikia mwandishi Rudyard Kipling kumwomba atunge maneno ya ibada, na Kipling akakubali. Sherehe ya kwanza ilifanyika Montreal tarehe 25 Aprili 1925. Kila aliyeapa alipewa pete ya chuma ya kuvaa kidole kidogo cha mkono anaoandikia, ili iguse karatasi kila anapochora au kutia sahihi. Inasimuliwa mpaka leo kwamba pete za kwanza zilifuliwa kwa chuma cha daraja lililoanguka. Si kweli. Lakini hadithi isiyokufa kwa miaka mia ina lake la kusema: wahandisi wa Kanada wenyewe wanajua chuma kipi kingestahili.

Sherehe za Kanada zilifanyika milango ikiwa imefungwa. Tanzania ilichukua mkondo mwingine. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoanza kwa sheria ya 1968 na kuundwa upya kwa sheria ya 1997, huwaapisha wahandisi hadharani kwenye Siku ya Wahandisi. Naona ni afadhali hivyo, kwa sababu anayeapiwa ni umma. Kiapo pekee hakikulizuia ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, kuanguka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, lakini kinampa mwananchi mahali pa kuanzia kuuliza.

Kuutanguliza umma katika maandishi kulichukua muda mrefu. Mwaka 1947 baraza la vyama vya wahandisi vya Marekani liliandika kwamba mhandisi aujali uhai na afya ya watu. Mwaka 1974 likasema usalama wa umma uwe mbele ya mengine yote, na wahandisi wa ujenzi wakafuata miaka miwili baadaye. Meno yalionekana Kansas City. Julai 1981 njia za juu katika ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency zilianguka na kuua watu 114, kwa sababu badiliko dogo la michoro lilipitishwa bila kuhesabiwa upya. Baadaye wahandisi wawili walinyang'anywa leseni na jimbo la Missouri. Kosa la kutohesabu upya lilikuwa lilelile la Phoenixville, ila safari hii aliyepiga muhuri alihesabiwa kuwa ndiye mwenye kuwajibika.

Daraja la pili la Quebec lingali linatumika, na mita zake 549 hazijapitwa na daraja jingine la aina yake. Kwa miaka mingi shirika la reli lililolimiliki na serikali walivutana juu ya nani alipe gharama za kulipaka rangi, kutu ikiendelea kula. Mwaka 2024 serikali ya Kanada ikalichukua.